Tanga la Mbeba Mbao

Mama yangu aliangua kilio kabla sijakata simu. Hakuniuliza nani amekufa. Aliuona uso wangu nilipokuwa nikimsikiliza muuguzi mwenzangu wa zamani akizungumza kutoka Uswidi, akajua, akashika kichwa. Na kwetu Kiongoroni, kijiji cha delta ya Rufiji, kilio cha mama mtu mzima kikisikika, watu hawaulizi maswali. Jirani yetu mjane, aliyekuwa akianika kamba, aliwaachia kuku kamba wake akaja mbio. Nilipokuja kutia simu mfukoni, mikeka ilikuwa imetandikwa uani, mafiga yamewashwa moto, na mtu ameshatumwa dikoni, kwenye maegesho ya mitumbwi, kuwazuia wakata boriti wasiondoke. Kwetu, maiti akiwa hajazikwa, mashoka hulala. Huendi kuangusha mti wakati mwenzio hajalazwa.

"Mwanangu, nani?" mama aliuliza sasa, wanawake wameshamshika mabega.

"Mzee wangu wa Uswidi."

"Yule wa shikamoo?"

"Yule yule."

Akalia upya, safari hii akijua anachokililia.

Ili nieleweke lazima nijitaje, na sioni haya kujitaja. Mimi ndiye mtoto wa kwanza wa mkata boriti wa Kiongoroni kufika Ulaya kwa akili zake, si kwa kuoa mtalii wala kwa kudandia meli. Nina diploma ya utunzaji wa wazee, niliyoisomea kwa Kiswidi, na Kiswidi chenyewe nilijifunza huku nikisugua vyoo vya hoteli. Nimerudi na kichwa juu. Nyumba yangu ya Kibiti ina madirisha ya alumini na tangi la maji juu ya paa, na duka la vifaa vya ujenzi lililo mbele yake ni langu peke yangu, halina mbia. Vijana wa pale barabarani husema mimi nina zali, bahati ya bure. Zali gani? Zali halifundishi mtu kuzungumza lugha ya baridi akiwa na umri wa miaka thelathini na ushei.

Mama ndiye alinishinda. Nilimjengea chumba Kibiti chenye choo ndani, akalala siku chache, akasema ukuta wa saruji unamnyima usingizi, akarudi Kiongoroni kwenye matope yake. Basi kila baada ya muda huacha duka, nakwenda Nyamisati, napanda boti, namfuata. Ndivyo simu ile ilivyonikuta kule.

Mjomba, kaka yake mama, alifika na shoka bado begani. Amekata boriti tangu ujana, na ulimi wake ni mkali kuliko shoka lake.

"Pole, mwanangu. Mazishi saa ngapi? Alasiri?"

"Bado, mjomba. Karibu mwezi mzima."

"Wanamsubiri nani? Mtoto yuko safari?"

"Hana mtoto. Ndivyo wanavyofanya kule. Wanamweka kwenye baridi, halafu inapangwa siku ambayo watu wanapata nafasi."

"Wapate nafasi ya kuzika?" Aliwageukia wenzake waliokuwa wamekaa kwenye mkeka. "Jamani, mmesikia? Tumelaza mashoka kwa ajili ya mtu aliye kwenye friji."

Walicheka. Mama akawatazama, wakanyamaza wote pamoja.

Lilikuwa kosa letu, na ni kosa ambalo watu wa huku tu wangeweza kulifanya. Tulitandika tanga kwanza, tukauliza maziko baadaye, maana hapajawahi kuwa na umbali kati ya kifo na kaburi. Anayekufa asubuhi, alasiri yuko chini. Na tanga likishatandikwa haliwezi kuanuliwa maiti akiwa bado juu ya ardhi. Ikabidi aitwe mwalimu wa madrasa. Akakaa, akasikiliza, akakuna ndevu.

"Hitma hatumsomei, hakuwa wa dini yetu," alisema. "Lakini aliyefiwa ni huyu mtoto wetu, na kumpa pole aliyefiwa si kosa. Maiti hayupo kwenye ardhi yetu, kwa hiyo mashoka yafanye kazi. Tanga ni la mama, yeye ndiye aliyelitandika. Mwenye nafasi aje akae."

"Na asipokuja mtu?" mjomba aliuliza.

"Nitakaa mwenyewe," mama alijibu. "Alimlisha mwanangu ugenini. Wewe ulimlisha nini?"

Mjomba akatafuta pa kuweka shoka lake.

Huyo mzee tuliyemkalia tanga alikuwa mwandishi wa riwaya. Nilimkuta katika nyumba ya wazee niliyopangiwa kazi, katika mji mdogo wa kaskazini, kando ya mto mpana unaoganda wakati wa baridi. Wenzangu walimkwepa kwa sababu ya mdomo wake. Siku ya kwanza nilipomwogesha, niliona begani kwake nundu ngumu, ngozi imekakamaa kama kisigino. Wengine walidhani ni uvimbe. Mimi nilikuwa nimeishika nundu kama ile tangu utotoni, nikimkanda baba mafuta ya nazi anaporudi kutoka mikokoni.

"Ulibeba miti," nilimwambia.

Akageuka ndani ya maji. "Mbao. Nani amekwambia?"

"Baba yangu alibeba boriti mpaka akafa."

Tangu siku ile hakukubali kuogeshwa na mtu mwingine. Nikiwa likizo alikaa bila kuoga mpaka nirudi, na msimamizi wangu akasema hajapata kuona mfanyakazi anayetakiwa na mgonjwa namna ile. Nasema tu ilivyokuwa.

Alizaliwa katika nyumba ndefu za kiwanda cha kupasua mbao, familia nyingi chini ya paa moja. Baba yake alibeba mbao kutoka kwenye misumeno hadi uwanja wa kukaushia, akafa pale rundo la mbao lilipomporomokea. Mama yake alifua nguo za wakubwa wa kiwanda. Wakati wa baridi mto uliganda, akawa anatoboa tundu kwenye barafu na kusuuza humo, amepiga magoti. Mtoto mwenyewe alianza kubeba kabla sauti yake haijawa nzito. Walibeba huku wakikimbia juu ya mapito ya mbao membamba yaliyoinuliwa juu sana, kwa kuwa ukitembea polepole unamzuia wa nyuma yako, na wa nyuma yako ana mzigo kama wako.

Wafanyakazi walikuwa na chumba chao cha kusomea chenye jiko la kuni. Aliniambia kwamba alianza kwenda kule kuota moto, si kusoma. Vitabu vilikuwa ndivyo vilivyokuwepo karibu na moto. Baadaye akawa anaandika alfajiri kabla ya zamu, mezani jikoni, kwa penseli, mama yake akilala nyuma ya pazia.

Riwaya yake ya kwanza ilikuwa juu ya wabeba mbao. Ilipendwa katika mji mkuu. Wasomi walimwita, wakamsifu, wakamshangaa kama vile ng'ombe amesema. Aliporudi kiwandani, wenzake waliokuwa wakipiga soga walimwona anakuja, na mmoja akasema: "Nyamazeni, anaandika." Ikawa hivyo siku zote. Aliniambia kwamba tangu hapo hakuna mtu wa kazi aliyemwambia neno bila kulipima kwanza. Aliandika juu yao maisha yake yote, na yote aliyoyaandika aliyatoa katika ile miaka michache ambayo walikuwa bado hawajamwogopa.

Ya pili ilikuwa juu ya mama yake mfuaji. Mama alikuwa hai, hasomi vizuri, kwa hiyo mtoto alimsomea yeye mwenyewe, jioni kwa jioni. Ilipokwisha, mama alimuuliza: "Kwa nini umewaambia watu kwamba sikuwa na soksi?" Hakusema neno jingine juu ya kitabu kile mpaka alipokufa. Mzee alinisimulia hili mara nyingi, kila mara kama vile mimi ndiye ningeweza kumpa jibu la kumpelekea.

Halafu kiwanda kikafungwa. Akaandika na hiyo. Nilipofika mimi, kiwanda kilikuwa mkahawa na makumbusho, na vitabu vyake vilikuwa vimeteremshwa kwenye ghala la chini la maktaba. Nilikwenda mwenyewe kuviomba. Msichana wa pale alivipangusa vumbi, akanipa vyote. Nilivisoma kwa kamusi, nikavimaliza, na nadiriki kusema katika mji ule hapakuwa na mtu mwingine aliyekuwa amevimaliza.

Jambo moja lilimsumbua kuliko maumivu. "Nitazikwa na watu wenye mikono laini," alikuwa akisema. "Watu wa vyama na makumbusho. Wale niliowaandika wote wamekufa, na watoto wao hawanijui."

"Nitakuwepo mimi," nilimwambia.

Akanishika kiganja, akakigeuza. "Wewe pia laini sasa. Diploma imekulainisha."

"Basi nitakuletea wakata boriti wa Kiongoroni."

Alicheka mpaka akakohoa. Lakini kesho yake aliuliza ni wangapi, na kama wana makoti.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka nikarudi nyumbani, na baada ya hapo tukawa tunaonana kwenye simu. Nilimfundisha kusema shikamoo. Mama akawa anaitikia marahaba, kisha wanacheka, maana yeye ndiye aliyekuwa mdogo kwa mzee. Mzee alipokufa, kibali changu cha kuishi kule kilikuwa kimekwisha zamani, na visa haipatikani kwa mwezi mmoja, hata uwe na duka. Kilichobaki mikononi mwangu kilikuwa mkeka wa mama, na nilitaka jambo moja tu: siku ya kumlaza, watu wenye sugu wawe wamekaa juu yake, wakimlilia.

Basi nikawa nawaita. Kila siku baada ya alasiri, wakata boriti walipotoka majini, nilikuwa nimeshatenga kahawa na kashata uani kwa mama, na niliwasimulia vitabu vya mzee, kitabu baada ya kitabu, kwa Kiswahili chetu. Nasema bila kujisifu kupita kiasi kwamba nilisimulia vizuri. Mtu aliyekuja kunywa kikombe kimoja alibaki mpaka adhana ya magharibi.

Walikuwa wagumu kuamini. Nilipowaambia kwamba magogo ya kule yalitupwa mtoni, yakateremka na maji yenyewe mpaka kiwandani, watu wakiyaongoza kwa ndoano, mjomba aliinua mkono.

"Ngoja. Gogo linaelea?"

"Linaelea, mjomba."

"Mimi boriti yangu ikinidondoka mtoni naipigia mbizi. Huyo mzee wako alikuwa anakata magogo au maboga?"

Uani pakalipuka kicheko. Ikabidi nieleze miti ya kule ilivyo myepesi, si kama mkoko. Hawakuridhika. Kwa siku kadhaa walimwita Mzee Maboga, na mimi nikakasirika, kisha nikaona mzee angelipenda. Lakini nilipofika kwenye yale mapito membamba, watu wakikimbia na mbao begani, hakucheka mtu. Mmoja alivuta kola ya shati akajipapasa begani. Mjomba aliuliza, sauti imeshuka: "Na mwenye homa?" Nikamwambia mwenye homa pia alikimbia. "Ndiyo," akasema.

Siku hiyo niliamini nimefanikiwa. Nilimpigia muuguzi Uswidi nikamwambia mzee atakuwa na watu.

Wanawake walikaa upande wa jikoni, wakipepeta mchele, kama hawasikilizi. Hadithi ya mfuaji nilipoianza, nyungo zilisimama. Yule jirani mjane aliuliza maswali mpaka nikachoka.

"Hilo tundu kwenye barafu, alilitoboa mwenyewe?"

"Mwenyewe. Kwa mtaimbo."

"Na mikono?"

"Ilipasuka. Alipaka mafuta ya nguruwe."

"Astaghafirullah. Na sabuni nani alitoa?"

Kitabu hakisemi sabuni nani alitoa, na nilimwambia hivyo. Akatikisa kichwa. "Mwanamume ndiye aliyeandika," alisema. Kesho yake alirudi, akauliza huyo mama alikuwa akiimba au hakuwa akiimba. Kesho kutwa yake akataka nimrudie tena pale mtoto anapomsomea na yeye anauliza habari ya soksi. Niliporudia, alisema: "Alimvua nguo mbele za watu," kisha akaendelea kupepeta, lakini hakuondoka.

Siku zilivyosogea, mkeka wa wanaume ulianza kuwa na nafasi. Hadithi zilikuwa zimekwisha, kahawa peke yake haimkalishi mtu. Halafu ikaja habari kwamba siku ya mazishi imeangukia bamvua, yale maji makubwa ya mwezi. Maji yakijaa namna ile ndipo mashua zinaingia ndani kabisa ya mikoko kuchukua boriti, na mtu akiikosa bamvua anasubiri nyingine. Nilimwendea mjomba dikoni, anafunga mzigo wake wa dago, kambi ya huko mikokoni: sufuria, chandarua, unga.

"Siku moja tu, mjomba. Mwambie na wenzio. Mkae siku hiyo moja, halafu muende."

"Maji hayaahirishwi, mwanangu. Hatuna friji ya kuyaweka."

"Nilimwahidi."

"Ulimwahidi mabega yetu bila kutuuliza." Alisema bila ukali, akikaza kamba. "Kama kweli alibeba mbao, atatuelewa. Kama hatatuelewa, basi hakubeba."

Nilimwambia maneno makali. Nilimwambia kwamba mimi nimewafikisha mpaka Ulaya, kwamba kuna mtu mkubwa aliyekufa akiwataja wao, watu wa matope ambao hakuna mtu duniani anayewataja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama mtu anavyosikiliza mvua, akapanda mtumbwi. Wakaondoka wote.

Siku ya mazishi, kijiji kilikuwa na wanawake, watoto, na wazee wasioweza tena kushika shoka. Mtandao Kiongoroni hushika dikoni tu, karibu na banda la kupimia kamba. Mama alikataa kuliacha tanga, kwa hiyo alilihamisha. Alikunja mkeka, akaubeba mwenyewe hadi bandani, wanawake wakamfuata. Nilivaa suti niliyovaa siku ya kupewa diploma. Nikaiegemeza simu kwenye mizani, tukasubiri.

Muuguzi aliinua simu yake ili tuone. Kanisa lilikuwa jeupe, kubwa, na viti vilikuwa vitupu mpaka mbele. Alikuwepo kasisi. Alikuwepo mama mmoja wa makumbusho, na wanaume wawili wa chama cha waandishi wenye makoti mazuri. Nilitafuta na wengine, nikadhani kioo kinawakata. Hawakuwepo.

Waliimba kidogo, wakatoka nje. Ndipo mama aliponishika mkono.

"Wako wapi wabebaji?"

Jeneza lilikuwa juu ya kitoroli. Wanaume wawili wa kukodiwa, wenye glavu nyeusi, walikuwa wakilisukuma polepole juu ya kokoto, na mashada ya maua yakitikisika juu yake. Huku kwetu hata asiye na ndugu hugombaniwa. Kila mtu hutia bega hatua chache, akapokewa, mwingine akatia, mpaka unashindwa kujua nani hasa aliyembeba. Mtu aliyebeba mbao za kujengea nusu ya Ulaya alikuwa anakwenda kaburini kwa magurudumu.

"Hawana mabega?" bibi mmoja alinong'ona.

Walifika ukingoni mwa kaburi, na picha ikaganda. Ikabaki hivyo: maua, glavu moja nyeusi, nusu ya uso wa kasisi. Niligonga simu, nikaiinua juu, nikaishusha. Ikakataa.

Nilisubiri walie. Nilikuwa nimesubiri karibu mwezi, na sasa wakati ulikuwa huu, na wanawake walikuwa wamekaa wakiitazama picha iliyoganda kama watu wanaotazama mali ya wengine. Nilitaka kuwaambia lieni. Nilijizuia.

Jirani mjane ndiye aliyesema kwanza.

"Yule mama yake, mfuaji. Kaburi lake liko hapo hapo?"

"Halipo," nilimwambia. "Alizikwa safu ya maskini, bila jiwe. Baadaye safu ile ilisawazishwa, sasa wanaegesha magari."

"Juu yake?"

"Juu yake."

"Na mtoto akiwa hai?"

"Akiwa hai. Aliandika magazetini, hakusikilizwa."

Alitazama tena simu, yale maua. "Huyu ana maua," alisema. "Huyu ana watu wa makoti. Yule hana hata jiwe, na soksi pia hana." Akajishika viganja. "Mama weee," alisema, kwa sauti ya kawaida tu kwanza, kama anamwita mtu aliye jirani. "Mama weee, mikono yako." Halafu kilio kikatoka chenyewe.

Wanawake wakakipokea. Mama naye akakipokea. Walimlilia mwanamke aliyepiga magoti juu ya barafu, wakimtajia mikono yake, wakimtajia mto wake, na mmoja akamuuliza nani aliyekuwa akimpa sabuni. Hakuna aliyemtaja mzee. Mimi nilikaa kwenye mkeka na suti yangu, nikalia kwa sauti, jambo ambalo sikulifanya hata kwa baba, kwa sababu nilipofika kutoka Uswidi tanga la baba lilikuwa limeshaanuliwa.

Simu ikaita. Muuguzi alikuwa akihema kwa baridi. Aliniambia wamemaliza, ameshafukiwa.

"Sauti gani hiyo?" akauliza.

"Wanawake wa kwetu."

"Wanamlilia?"

Niliwatazama. Jirani mjane alikuwa amejifunika khanga usoni, mabega yakimruka.

"Wanamlilia mama yake," nikasema.

Muuguzi akaniomba nisikate, akaiweka simu yake chini, nadhani juu ya kaburi, kwa kuwa nilisikia upepo na hakuna mtu aliyesema.

Mama aliniuliza kama mzee ameshalala. Nikamwambia ameshalala. Akaitikia kwa kichwa, lakini hakuinuka kukunja mkeka. Wanawake walikuwa hawajamaliza.